Mdundo wa Maziko na Pesa za Sanaa

Shida zangu zilianza mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto kama watoto wengine wa Katumba Songwe, nafukuza ndege kwenye mpunga, jioni nakula nashiba. Mwaka ule mto ulifurika ukabeba shamba la baba. Mtu wa mbali anadhani mafuriko yanakuja na maji na yanaondoka na maji. Songwe hauko hivyo. Songwe unahama. Uliporudi kutulia, ulitulia mahali pengine, na shamba letu likabaki upande wa Malawi chini ya mchanga. Mwezi uliofuata baba akafa kwa homa. Ndugu zake wakaja na maneno laini, wakamwambia mama watatutunzia ng'ombe mpaka nikue. Nimekua, nimezeeka, na ng'ombe wale bado wanatunzwa.

Mama akanivusha ng'ambo, Malawi, kwa kaka yake. Darasa la pili nililiacha katikati, sikurudi tena. Kwa mjomba hakukuwa na chakula cha bure, nikapata kazi kwa jirani yake aliyekuwa fundi wa ngoma. Kazi yangu ilikuwa kukwangua ngozi za ng'ombe, malipo yangu sahani ya sima. Watu wanapenda kusema yule mzee alinifundisha. Hakunifundisha. Nilimtazama. Alipogundua kwamba namtazama akawa ananipa mgongo, nami nikahama upande nikaendelea kutazama. Ndivyo nilivyojua kuchimba gogo, kuwamba ngozi, kupiga vigingi, na kuipasha ngoma kwa moto wa majani makavu ya mgomba mpaka itoe sauti.

Nilirudi Tanzania nikiwa kijana, na nguo nilizovaa tu. Nikabeba mpunga wa watu kwa baiskeli mpaka Kyela mjini. Nikafyatua matofali. Nikanunua kiwanja mtaa wa Bondeni wakati watu wanasema pale ni pa vyura. Nikapanda kakao wakati majirani wanacheka na kuniuliza kama nitakula mbegu chungu. Leo waliocheka wananiomba miche. Na muda wote huo nilikuwa nachonga ngoma, na tulikuwa na kikundi cha wanaume, tunapiga kwenye harusi, sikukuu za kanisa na maziko. Wengi wao wameshafariki. Mpaka mwaka juzi tulikuwa tumebaki watatu.

Nayasema haya ili msomaji aelewe kwa nini mtu akiniambia neno "bure" mimi natazama mikono yake. Niliwahi kudanganywa mara moja kwenye ngoma, nikiwa bado na nguvu. Alikuja bwana mmoja na kinasa sauti, akatuchezesha tangu asubuhi mpaka mbuzi wanarudi, akaomba ngoma moja iende kuonyeshwa mahali halafu irudi na malipo. Nilimfungia ngoma mwenyewe kwenye gunia ili isikwaruzwe njiani, haikurudi. Basi. Kuanzia siku hiyo ngoma zangu zinalala stoo, na ufunguo unalala na mimi.

Sasa nije kwa mkamwana.

Mwanangu wa pili alioa binti wa Kikisi kutoka ziwani, akajenga nyuma ya migomba yangu, kiwanja hichohicho. Sisi Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Si chuki. Ni heshima, tunaogopana. Nikipita njiani yeye anaingia kwenye migomba, anajifunika kanga mpaka nipite. Nikitaka kwenda upande wao nakohoa kwanza. Hakai nilipokaa, hali ninapokula, na jina langu halitaji hata kwa kusukumwa. Wakinitafuta anasema "mwenye mji." Mchungaji anasema mambo haya yamepitwa na wakati, na wanangu wengine wameyaacha, wakwe zao wanakula nao meza moja wakipeana chumvi. Ni juu yao. Huyu binti alipoolewa aliulizwa na mke wangu kama ataweza, akajibu ataweza, na ameweza. Sura yake mimi siijui vizuri. Najua kanga zake.

Basi mwaka juzi, mvua zikiwa karibu kuisha, nilikuwa nageuza kakao kwenye jamvi, mke wangu akaja akasimama. Mke wangu akisimama bila kusema, kuna jambo.

"Sema, mama."

"Mkamwana amepata pesa za sanaa."

"Za nini?"

"Za sanaa. Kuna watu Dar es Salaam wanatoa pesa kidogo kidogo kwa wasanii wanaofanya kazi na watu wa mtaani kwao. Ameomba, amepewa. Atawafundisha mabinti wa Bondeni ngoma. Pale uwanja wa kanisa."

"Ngoma zipi?"

Akaanza kuokota kakao iliyodondoka nje ya jamvi. "Ndiyo hapo, baba. Anaomba ngoma zako."

Nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Mabinti wapige ngoma! Mwanamke kwetu anacheza, anapiga vigelegele, ngoma ni ya mwanaume. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa hili: mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kukanyaga tope la Bondeni, anatoa pesa zake mfukoni, anampa mke wa mwanangu, harudishiwi. Kwa nini? Nilimwuliza mke wangu, kwa nini? Akasema anasikia ni ruzuku. Nikamwambia aende akamwambie mkamwana kwamba stoo imefungwa.

Siku ya pili nikapanda bodaboda kwenda sokoni kumwona rafiki yangu. Yeye ni mfanyabiashara wa vitenge na sabuni, Mwislamu, ana mke Kyela na mke Karonga, na kwa kuwa anavuka mpaka kila wiki anajiona anaijua dunia yote. Nilimkuta anakunja vitenge.

"Mugonile, mzee mwenzangu. Mbona uso kama umeibiwa?"

"Bado. Ndiyo nakuja kukuuliza kama nitaibiwa."

Nikamweleza. Akaacha kukunja.

"Wanakupa bure?"

"Wanasema ruzuku."

"Ruzuku ni bure iliyovaa koti," akasema. "Sikiliza. Mbuzi akiletewa majani mengi bila kulia, aulize sikukuu ni lini. Hao wakija watapiga picha. Wakishapiga picha, ngoma yako iko kwao. Kesho unapiga harusini, wanakuambia mzee, hiyo ni yetu, lipa."

"Hilo linawezekana?"

"Ng'ambo nimesikia. Na kiwanja je? Huyo binti anafundishia wapi?"

"Uwanja wa kanisa."

"Leo kanisani. Kesho watataka jengo. Jengo litasimama wapi? Wewe una kiwanja kikubwa Bondeni." Akanitazama kwa huruma kama mtu anayetazama marehemu. "Kaa macho, ndugu yangu. Chukua kitenge kimoja umpelekee mama, nitakupunguzia."

Nilirudi na kitenge na hasira. Nikawapitia wale wenzangu wawili waliobaki kwenye kikundi, nikawaambia: binti wa ziwani akiwaita kanisani, msiende. Wakakubali. Mmoja akauliza kama kuna posho, nikamwambia hakuna, akakubali vizuri zaidi.

Jioni mwanangu akaja. Yeye ana bodaboda tatu, mbili anawapa vijana wapige kazi. Ngoma hajui. Mikono yake ni ya krachi na breki. Alikaa kwenye kiti cha chini kama inavyotakiwa, akazungukazunguka kwenye habari za mafuta na barabara, mimi namsubiri tu.

"Baba, mke wangu hakupewa tu njiani. Ameshindana na watu wa mikoa mingi. Wamemchagua."

"Wamemsikia wapi mpaka wamchague?"

"Alituma sauti kwa simu."

"Sauti ya nini?"

Akaanza kufuta vumbi kwenye goti. Mwanangu tangu utoto akijifuta hivyo, kitu kimevunjika.

"Alirekodi ngoma zako, baba. Ulipokuwa unajaribu ngozi hapa nyumbani. Kutoka jikoni kwetu."

"Kwa hiyo nimeshauzwa. Mnakuja kuniomba kamba baada ya kuuza ng'ombe."

"Hakuuza, baba! Ameeleza kwamba fundi yupo, mtu mzima, amezichonga kwa mikono yake, na mradi ni wa kuzuia zisipotee."

"Fundi gani? Ana jina?"

"Ameandika mwenye mji."

Hapo nikasimama. Nikamwambia unaona? Jina langu limeondolewa. Wanaanza kwa kuondoa jina, kisha ngoma inakuwa yatima, na yatima kila mtu anamchukua, mimi najua uyatima. Nilisema mengi. Mwanangu akasubiri nimalize, halafu akasema polepole, macho chini:

"Baba, angeandikaje jina lako? Angeliandika, wewe mwenyewe ungemtoza faini ya kuku."

Nikamwambia aende, ng'ombe wanahitaji maji. Ng'ombe walikuwa wameshakunywa.

Mkamwana hakuacha. Walianza bila ngoma zangu, wakapiga ndoo na madumu ya mafuta. Kila alasiri nikiwa shambani nasikia kwa mbali, pu pu pa, kama watu wanavunja mabanda. Nilitaka kwenda kuona wanafanya nini. Lakini nitaendaje? Yeye yupo pale. Nikiingia uwanjani, yeye akimbilie wapi, apande juu ya mnara wa kengele? Kwa hiyo mimi niliyekuwa na mashaka kuliko wote Bondeni ndiye pekee ambaye sikuweza kwenda kutazama. Kila nilichokijua nilikipata kwa masikio, au kwa mke wangu, na mke wangu alikuwa upande wao, nilimtambua kwa jinsi alivyoanza kuweka samaki mkubwa zaidi kwenye sahani yangu. Mbasa mzima, katikati ya wiki! Nikamla, lakini sikudanganyika.

Siku moja natoka shambani na baiskeli, napita nyuma ya kanisa ambako ua wa matete unapakana na njia. Nikasikia wameacha kuvunja mabanda. Sasa wanapiga mdundo, na mdundo una mwendo. Nikasimamisha baiskeli.

Ulikuwa mdundo wangu. Umeshikwa vizuri, nikasema moyoni huyu mtu ana sikio. Lakini ulikuwa mdundo wa maziko. Ule tunaoupiga mtu mzima anaposhushwa kaburini, si kabla, si baada. Hauchezwi harusini, hauchezwi sikukuu, na mtoto hafundishwi. Nao mabinti wanaupiga kwa madumu wakicheka.

Mama mmoja jirani akatoka mbio, amefunga kanga kiunoni, mikono kichwani tayari. "Mzee! Nani?"

"Hakuna mtu."

"Mbona ngoma? Ni yule mama wa kona? Jana nilimwona anakohoa."

"Nimekuambia hakuna! Ni watoto wanacheza."

"Watoto wanacheza hiyo?" Akanitazama, akatazama ua, akateremsha mikono. "Ee Kyala, Mungu wangu. Nani anawafundisha?"

Aliuliza huku anajua.

Nilielewa njiani, nikisukuma baiskeli. Harusini na kwenye sikukuu, mimi nikipiga, mkamwana hawezi kukaribia, anabaki nyumbani au mbali, pamoja na wapika pilau, anasikia vipande vinavyoletwa na upepo, na nyumbani mimi najaribu ngozi tu. Lakini kwenye msiba wanawake wanakaa ndani karibu, wanalia, na kaburi tunalichimba uani, ngoma iko nje ya ukuta. Mdundo pekee aliousikia mzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi, ni ule wa kuzika. Kwao ziwani hawana huo. Hakuna aliyemwambia. Mwenye kumwambia ni mimi, na mimi ndiye nisiyesema naye.

Na wageni wa Dar es Salaam walikuwa wanakuja Jumamosi kuona kazi. Wakiipenda, wanatoa sehemu ya pesa iliyobaki na kikundi kinaendelea. Wasipoipenda, kimekufa. Mtaa mzima ulishaalikwa.

Nikamweleza mke wangu, nikamwambia vizuri sana, acha wapige. Watu wataanza kulia, mchungaji atasimama, wageni watapanda gari lao, na habari ya pesa za bure itaisha bila mimi kuinua kidole. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Watauliza aliyekufa ni nani."

"Watauliza."

"Na ngoma imetoka nyumba gani."

Nikaokota punje ya mchele iliyodondoka.

"Watasema mkamwana anamzika baba mkwe mchana kweupe," akasema, "naye mwenyewe yupo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama. Utakaa mbele au nyuma, nikuwekee kiti?"

Mwanamke huyu nimeishi naye miaka mingi, na bado siku nyingine natamani angekuwa mjinga kidogo.

Nikamwambia basi aende akamwambie aache mdundo ule, apige wa mavuno. Akaniuliza wa mavuno unaendaje. Nikampigia mezani. Akajaribu kuukariri kwa mdomo, tu-tu-pa, pa-tu, akapotea, akajaribu tena, akaanza kucheka mpaka mchele ukamwagika. Mdundo haubebwi kwa mdomo. Wale wenzangu wawili nilishawakataza, na mimi si mtu wa kwenda kufuta neno langu mlango kwa mlango. Mwanangu ni wa krachi na breki. Alhamisi ilikuwa imefika.

Ijumaa alasiri nikafungua stoo, nikatoa ngoma ndogo, nikamwita kijana wa bodaboda. Akaitazama ngoma, akavua kofia. "Pole, mzee. Nani?"

"Wewe usipoendesha."

Mke wangu alitangulia kwa miguu. Nilimwambia dereva anishushe nje, nyuma ya ua wa matete, juani. Nikakohoa. Upande wa pili madumu yakanyamaza ghafla, nikasikia kanga zinakimbia, halafu kimya. Nikakusanya majani makavu nikawasha moto mdogo, nikapasha ngozi taratibu. Nikakaa juu ya tofali. Nikapiga mdundo wa mavuno, wote, kwa mwendo wa pole.

Nikamaliza. Mke wangu akatoka getini akazunguka mpaka nilipo.

"Anauliza kama umekuja kuwafukuza."

"Mwambie asikilize."

Akazunguka kurudi. Nikapiga tena. Halafu dumu moja likajibu, kwa woga, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya deni. Lilikwenda vizuri, likaanguka kwenye kona ya tatu. Nikapiga ile kona peke yake. Likajibu, likaanguka. Nikapiga tena, kwa nguvu, ngozi ikalia. Likajibu, likapita. Nikasikia mabinti wanashangilia na mtu anawanyamazisha.

Tulikwenda hivyo mpaka jua likawa la pembeni. Mimi nje, yeye ndani, matete katikati. Watu wa njiani walisimama, wengine wakashuka kwenye baiskeli. Sikuwaangalia. Alikuwa mwepesi, nasema ukweli, kuliko kijana yeyote niliyewahi kumpa fimbo za ngoma. Lakini mwishoni akaongeza kitu chake, mzunguko wa haraka haraka nisioujua.

Nikamwita mke wangu. "Hicho si chetu. Akitoe."

Akaenda, akakawia, akarudi akihema. "Anasema hicho ni cha kwao ziwani, wanawake wanakitwangia. Anaomba akibakize."

"Anaomba au anasema?"

"Baba, mimi nimechoka kuzunguka. Anaomba."

Nikafikiri. "Akiweke mwisho kabisa. Si katikati. Na ule mwingine, wa msiba, asiuguse tena mpaka atakapohitajika."

Mke wangu akanitazama. "Atakapohitajika na nani?"

"Na mimi. Nenda."

Jumamosi nilitoa ngoma zote. Nilitoa na sharti: hazipandi gari la mtu, na jua likizama zinarudi stoo. Mwanangu aliapa. Niliwafuata wenzangu wawili, nikawaambia sasa waende. Yule wa posho akauliza tena kuhusu posho.

Mimi nilikaa palepale nje ya ua. Wakanitobolea dirisha dogo upande wa wapigaji, mbali na aliposimama yeye. Sitaeleza mchezo wote. Mtaa ulijaa. Hakuna aliyelia, hilo ndilo nililolitaka. Walipofika kwenye kile kipande cha ziwani wanawake wa soko waliacha vikapu wakaingia uwanjani, nikaona vumbi linapanda juu ya matete.

Wageni walikuwa wawili, kijana mwenye kamera na dada mmoja mpole wa sauti. Walipomaliza yule dada akaja.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba uingie ndani ukae na kiongozi wa mradi, tupate picha ya pamoja."

Wanawake wote wakapiga kelele kwa pamoja, haaa! Dada wa watu akaruka kama amekanyaga siafu. Mke wangu akamweleza. Akanirudia, macho yamemtoka.

"Lakini mzee, si mnakaa kiwanja kimoja?"

"Ndiyo."

"Na hamjawahi kuonana?"

"Tumesikilizana jana. Inatosha."

Ikabidi yule kijana apande juu ya gari lao, apige kutoka juu: mimi upande huu wa ua, yeye upande ule. Nikatazama moja kwa moja mbele mpaka alipomaliza, shingo ikauma. Kisha wakaleta karatasi niweke sahihi kwamba nashiriki. Nikakataa. Nikasema nimeshiriki kwa mikono na mtaa mzima umesikia, karatasi ya nini. Dada hakubishana. Hilo pia nilikuwa na mashaka nalo, mtu asiyebishana.

Nikamwuliza, "Ninyi mnapata nini?"

"Tunaandika kwamba kazi imefanyika, mzee."

"Halafu?"

"Halafu tunatafuta wengine wa kusaidia."

"Basi?"

"Basi."

Sikumwamini. Pesa iliyobaki ilikuja kweli, ikanunua magogo na ngozi, na mimi nikalipwa kazi ya kuchonga ngoma tatu za kikundi, mabinti wakikwangua ngozi mbele yangu na mkamwana akiwa nyuma ya ua. Nikiona binti ananitazama mikono, simpi mgongo. Lakini bado simwamini yule dada. Nimesubiri msimu wa kwanza, nimesubiri wa pili, waje na ile sehemu ya pili ya maneno. Hawajaja. Rafiki yangu wa vitenge anasema wajanja hawana haraka. Namwelewa, ingawa siku hizi binti yake naye anakwenda pale kupiga ngoma, na baba mtu ndiye aliyewauzia mabinti vitenge vya sare.

Kikundi kipo. Wanaitwa Kyela mjini, wanaitwa mpaka ng'ambo. Kwenye maziko ya yule mwenzangu wa posho, mwaka jana, tulipungukiwa mtu. Nilikohoa, nikamtuma mke wangu ndani ya nyumba ya msiba walikokaa wanawake. Ngoma ya pili ilipigwa kutoka ndani, nyuma ya ukuta, nasi tukapiga nje. Haikuanguka popote.

Mali yangu leo ni hii. Kiwanja cha Bondeni, chenye hati, na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne na bati. Shamba la kakao. Shamba la mpunga, dogo, mbali na mto. Ng'ombe watatu na ndama. Baiskeli. Redio. Ngoma tano zangu mwenyewe, kubwa mbili, ndogo tatu. Zile tatu mpya si zangu, ni za kikundi, zinalala kanisani na sina ufunguo wake. Mke mmoja. Kitu nilichopata kutoka kwa wageni ni picha, waliituma kwa basi ndani ya fremu. Imetundikwa jikoni kwa mkamwana. Sijaiona.